Msitu uliolala chini ya ardhi: historia ya ngitili za Usukuma

Panda basi hapa Nyakato mwezi wa tisa, elekea Shinyanga, halafu angalia nje dirishani. Sehemu kubwa ya njia ni vumbi, mabua ya mahindi na ng'ombe wanaotafuta majani ambayo hayapo. Halafu ghafla unakuta kipande cha ardhi chenye nyasi ndefu zilizokauka, migunga, mikwaju, labda na mninga mmoja mmoja. Hakuna fensi wala kibao, na bado hakuna aliyeingiza mifugo. Hiyo ni ngitili.

Ngitili ni eneo la malisho ya akiba. Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, nyasi na miti vikue bila kusumbuliwa. Kiangazi kikikolea, kuanzia Julai mpaka Oktoba hivi, linafunguliwa kwa awamu kwa ndama, ng'ombe wagonjwa, maksai wa kulimia na wale wanaokamuliwa. Zipo ngitili za familia na zipo za kijiji kizima. Kwa hiyo ni msitu, ni malisho, na ni sheria pia, vyote kwa wakati mmoja. Hiki kitu cha tatu ndicho watu wengi wanakisahau.

Sasa, tukisema "msitu wa kale" wengi wetu tunafikiria mahali ambapo binadamu hakuwahi kugusa. Usukuma inaharibu kabisa picha hiyo. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alipita Usiha, katika mkoa wa Shinyanga wa leo, akielekea Ziwa Viktoria, na alichokisifia ni nchi nzuri ya malisho iliyoendelea mpaka ziwani. Miaka hamsini baadaye, Usiha hiyohiyo, Mtemi Makwaia alikuwa anawakusanya watu kwa maelfu kukata vichaka ili kufukuza mbung'o. Hapo katikati kulitokea nini?

Kilichotokea ni sotoka. Ugonjwa huu uliingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuua sehemu kubwa sana ya ng'ombe. Ukafuatiwa na njaa na ndui. Watu walipungua, mifugo ikaisha, mashamba yakaachwa, vichaka vikarudi. Vichaka vikaleta mbung'o, na mbung'o wakaleta nagana kwa mifugo iliyobaki na malale kwa watu. Mwanahistoria Helge Kjekshus aliijenga hoja hii katika kitabu chake cha mwaka 1977: kabla ya ukoloni watu wa eneo hili walikuwa wameyatawala mazingira yao, na janga lile likawanyang'anya utawala huo. Wanahistoria wengine wamemkosoa kwa kupaka rangi nzuri mno maisha ya kabla ya ukoloni, na nadhani wana haki. Lakini kiini cha hoja yake kinasimama. Sehemu ya pori ambalo wakoloni waliliona la tangu enzi na enzi huenda ilikuwa na umri mdogo kuliko wazee waliolikata.

Na lilikatwa kwelikweli. C. F. M. Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o pale Old Shinyanga katika miaka ya 1920 na 1930, alijaribu moto, ukataji na mbinu nyingine nyingi. Baada ya vita vya pili ukaja mpango wa maendeleo wa Usukuma. Pamba ikapanuka. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ikafuta utemi, na pamoja nao ikaondoka mamlaka iliyokuwa inasimamia ngitili nyingi. Operesheni Vijiji ya 1974 ikamalizia: familia zikahamishwa, ngitili zikabaki nyuma bila mwenyewe. Mwalimu Nyerere alipotembelea Shinyanga mwaka 1984, mkoa ulikuwa tayari unaitwa jangwa la Tanzania. Katikati ya miaka hiyo ya 1980, ngitili zilizokuwa zikijulikana kubaki mkoani zilikuwa kama hekta 600 tu.

Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norwei. Walianza kama miradi mingi inavyoanza, yaani vitalu na kugawa miche. Miche mingi ikafa kwa ukame na mchwa. Ndipo wataalamu wakageukia kile ambacho wazee walikuwa wanakijua.

Kibiolojia hili ndilo linalonivutia zaidi. Miti mingi ya miombo na jamii ya migunga haifi ikikatwa. Shina likiondoka, mizizi inabaki hai na kuendelea kutoa machipukizi kila msimu, ambayo ng'ombe, moto na jembe huyamaliza kabla hayajafika magotini. Shambani unaviona kama vichaka vya kero. Kumbe msitu upo, umelala chini ya ardhi. Ukifunga eneo kwa misimu michache, hauhitaji mche hata mmoja.

Kufunga ndiyo kazi ngumu. HASHI ilitumia dagashida, mkutano wa jadi wa Kisukuma, kupanga mipaka na faini, na sungusungu kuzilinda. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimerudi kwenye zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Tathmini iliyotoka 2005 ilihesabu aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo. Kuni zikawa karibu, asali na dawa zikarudi. Fisi nao wakarudi, na wakala mbuzi wa watu. Hili halionekani sana kwenye vipeperushi vya miradi.

Jambo jingine lisiloonekana ni nani ananufaika. Mwenye ardhi kubwa ana ngitili kubwa, anaweza hata kuikodisha kiangazi. Asiye na ardhi anategemea ngitili ya kijiji, na hiyo ndiyo inayomegwa haraka mkaa ukipanda bei hapa mjini. Magunia yanayopangwa kando ya barabara ya Musoma hayaandikwi yametoka wapi.

Tunayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002, na zote zinakipa kijiji nafasi ya kutenga ardhi yake. Shida yangu ni ramani. Katika mipango ya matumizi ya ardhi, eneo huandikwa msitu au huandikwa malisho. Ngitili ikiandikwa msitu, mwenye ng'ombe anafungiwa nje mwaka mzima na hana tena sababu ya kuilinda. Ikiandikwa malisho, mifugo inaingia Januari na machipukizi yanaisha. Kalenda ya kufunga na kufungua, pamoja na kichuguu au mti unaotumika kama alama ya mpaka, bado iko kwenye vichwa vya wazee waliozaliwa kabla ya Operesheni Vijiji. Kama nyumbani kwenu ni Kwimba, Maswa, Kishapu au Magu, likizo hii chukua daftari ukawaulize ngitili ya ukoo wenu ilikuwa wapi, ilifungwa lini, na aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alilipa nini.