Vitshumbi: mvuvi, mtalii na mpaka wa parke

Jamaa wa Vitshumbi mliokimbia, mzozo wa wavuvi na parke haukuanza jana.

Mwezi wa Aprili 1925 Wabelgiji waliunda Hifadhi ya Albert, ile tunayoita leo Virunga. Ilikuwa hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika. Mwanzoni ilishika upande wa volkano tu. Mpaka 1935 ilikuwa imepanuliwa, ikapita bonde la Rwindi na kufika Ziwa Edward. Watu waliokuwa wakivua, kuwinda na kulima huko waliambiwa kwamba ardhi si yao tena. Baadaye wavuvi wa upande wa Kongo waliruhusiwa kukaa sehemu tatu: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Kuvua, ndiyo. Kulima na kukata kuni porini, hapana.

Pale Rwindi, si mbali na Vitshumbi, ikajengwa hoteli ya watalii. Wageni walikuja kupiga picha za tembo, simba na viboko. Mvuvi aliona magari yao yakipita, lakini yeye akienda kutafuta kuni alijificha asikamatwe. Uchungu ulianzia hapo: mgeni anakaribishwa kwa sababu ya mnyama, na mwenyeji anafukuzwa kwa sababu ya mnyama yuleyule.

Lakini mnyama huyo anamlisha mvuvi pia. Kinyesi cha kiboko kinarutubisha maji, na samaki wanapata chakula. Katika miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko karibu 30,000. Wanajeshi na makundi yenye silaha waliwaua kwa ajili ya nyama na meno, na kufikia 2005 hawakubaki hata 1,000. Wakati huohuo mitumbwi isiyo na kibali na nyavu za macho madogo ziliongezeka. Samaki wakapungua.

Watalii nao waliondoka. Mei 2018 mlinzi mmoja wa parke aliuawa na Waingereza wawili wakatekwa nyara. Utalii ukafungwa, ukafunguliwa tena 2019, na 2020 korona ikaufunga upya. Machi 2024 M23 wakaingia Rwindi na Vitshumbi, watu wakakimbia.

Basi tujiulize: watalii wamekosekana sehemu kubwa ya miaka hii, je, mvuvi amepata nafuu? Hapana. Kumbe shida yake si mgeni mwenye kamera. Shida ni mpaka uliowekwa bila yeye kuulizwa, na faida isiyofika nyumbani kwake.

Siku amani itakaporudi, hoteli itatengenezwa na magari yatarudi. Kabla ya hapo, wakubwa wa ICCN, machifu na kamati za wavuvi wakae pamoja waandike mambo matatu: kuni zitatoka wapi, nani ana haki ya kuvua, na kijiji kitapata kiasi gani katika pesa ya mtalii. Na nyinyi mliokimbia muwe na wajumbe wenu katika kikao hicho.