Una hela kwenye kikoba, TASAF watakufuta? Mambo ya kujua kwa wakazi wa Karatu na Ngorongoro

Kwa ufupi
• Hakuna kiwango cha akiba cha shilingi kinachoiondoa kaya TASAF moja kwa moja.
• Kinachopimwa ni hali nzima ya kaya: nyumba, watu, mali na mifugo.
• Mzee wa miaka 60 mwenye nyumba anaweza kuomba msamaha wa kodi ya jengo.

Karatu. Mama anayefanya kibarua kwenye mashamba ya vitunguu Mang'ola ananunua hisa mbili tatu kila wiki kwenye kikoba. Mwezi huohuo anapokea ruzuku ya TASAF. Jirani anamwambia: "Wakijua una akiba, jina linakatwa." Mama anaacha kikoba. Mtoto akiugua, hana pa kukopa, na mbuzi pekee wa nyumbani anauzwa kwa bei ya kutupa.

Huo ni mfano tu, lakini hofu ya namna hiyo ina gharama. Kabla hujaacha kuweka akiba, jua kaya inavyopimwa.

Kaya inaingiaje kwenye mpango?

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unasimamiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000. Awamu ya kwanza ya mpango huu ilianza mwaka 2012, na awamu ya pili ilizinduliwa Februari 2020.

Utambuzi wa kaya una hatua tatu kubwa:

1. Mkutano wa kijiji. Wananchi wenyewe wanataja kaya wanazoona ni maskini zaidi.
2. Dodoso. Kaya zilizotajwa zinaulizwa kuhusu idadi ya watu, elimu, aina ya nyumba, vyombo, ardhi na mifugo. Majibu yanaingizwa kwenye fomula inayokadiria matumizi ya kaya.
3. Uthibitisho. Majina yanarudi kijijini yasomwe, na jamii inasema kama yanafaa.

Kwa hiyo hakuna mahali panaposema "ukiwa na shilingi kadhaa umeondoka". Nchi nyingine zina mstari wa namna hiyo. Uingereza, kwa mfano, mstaafu anayeomba punguzo la kodi ya halmashauri kwa kawaida hukosa akiwa na akiba inayozidi pauni 16,000. Hapa kwetu maskini wengi hawana akaunti ya benki ya kukaguliwa, ndiyo maana hutazamwa vitu vinavyoonekana.

Kikoba je?

TASAF yenyewe inawahamasisha walengwa kuunda vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Lengo ni kaya ianzishe mradi mdogo, kama kuku au genge, isibaki ikisubiri ruzuku tu. Kuwa mwanakikundi, basi, si kosa na si siri ya kuficha.

Kinachoweza kubadilisha mambo ni kile ambacho akiba imezaa. Kaya ikijenga nyumba bora, ikanunua mali na kuongeza mifugo, tathmini ikirudiwa inaweza kuonekana imeinuka kiuchumi. Hapo kaya "inahitimu" na kutoka kwenye mpango.

Ng'ombe ndiyo benki

Ngorongoro mambo ni tofauti kidogo. Ndani ya eneo la hifadhi kilimo hakiruhusiwi, kwa hiyo akiba ya familia nyingi inatembea kwa miguu minne. Hela ya ada ya shule inatoka zizini, na hela ya hospitali pia.

Shida ni kwamba mifugo inahesabika kwa macho, ila haina uhakika wa kesho. Ukame wa mwaka 2021 na 2022 uliua mifugo mingi kaskazini mwa Tanzania. Kaya iliyoonekana ina uwezo ilibaki na mifupa malishoni.

Mambo matatu ya kuzingatia dodoso linapofika:

• Taja mifugo iliyopo leo, siyo ya miaka iliyopita.
• Kama unamchungia ndugu au rafiki, sema wazi ng'ombe ni wa nani.
• Usihamishie mbuzi kwa jirani. Majina yanasomwa mbele ya wanakijiji, na wao wanajua zizi la kila mtu.

Kodi ya jengo kwa wazee

Msaada mwingine ni msamaha wa kodi ya majengo. Tangu mwaka 2021 kodi hii inakatwa unaponunua umeme wa LUKU. Mwaka 2023 kiwango cha nyumba ya kawaida kilipanda kutoka Sh12,000 hadi Sh18,000 kwa mwaka, sawa na Sh1,500 kwa mwezi.

Msamaha unamlenga mwenye nyumba wa miaka 60 na zaidi, pamoja na mtu mwenye ulemavu asiye na kipato, kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Nyumba za udongo, nyasi na tembe hazitozwi. Hapa pia hakuna kiwango cha akiba kilichotajwa. Lakini LUKU haijui umri wa bibi yako: bila kuomba, makato yanaendelea. Kwa kuanzia, mzee achukue kitambulisho kinachoonyesha umri wake na aulize utaratibu ofisi ya TRA au halmashauri.

Jina limekatwa, ufanye nini?

Anzia kwa mtendaji wa kijiji na kamati ya jamii inayosimamia mpango, uulize sababu. Usiporidhika, nenda kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri, Karatu au Ngorongoro. Nenda na kitambulisho cha mlengwa, na andika tarehe uliyopeleka malalamiko na jina la aliyeyapokea.

Na kikoba? Endelea nacho. Ruzuku ina siku itaisha, hisa zako zitabaki.