Uzee wa Jembe: Njombe, Makambako na Hesabu ya Pensheni

Kipande cha kibarua wa mkonge kilikuwa kadi yenye vyumba 30. Kibarua akimaliza ngwe yake ya siku, chumba kimoja kilitiwa alama. Vyumba vyote vikishajaa ndipo alipopata mshahara wa mwezi, hata kama mwezi wenyewe ulizidi siku 30, kwa sababu siku ya homa haikuandikwa na siku ya mapumziko haikuandikwa. Wanaume wa Njombe, Wabena, Wakinga na Wapangwa, walijaza kadi hizo kwa maelfu katika mashamba ya Tanga na Morogoro. Hapakuwa na chumba kilichoandikwa kwa ajili ya siku ambayo mkono ungeshindwa kukata.

Njombe ilikuwa mbali na reli, na zao la kuuza lilikuwa haba, lakini kodi ya serikali ya kikoloni ilidaiwa kwa fedha taslimu. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaunda SILABU, chombo chao cha kuandikisha vibarua, na nyanda za juu kusini zikawa kimojawapo cha visima walivyochotea. Vibarua hao, walioitwa manamba, walisaini mkataba, wakasafirishwa, wakafanya kazi, wakarudi. Wengine walikwenda tena na tena mpaka nguvu zikaisha.

Mshahara wao ulipangwa kwa hesabu ya mtu mmoja asiye na familia. Ilichukuliwa kwamba mke na watoto wanakula shambani kwao, na kwamba mzee akichoka ana pa kurudi. Kwa maneno mengine, jembe la mwanamke wa Njombe ndilo lililolipa sehemu ya mkonge uliopakiwa bandarini Tanga, na ndilo lililomlisha aliyeukata alipozeeka. Sijui jina jingine la mpango huo ila ruzuku, na aliyeitoa hakuwahi kuulizwa.

Si kwamba akiba ya uzeeni haikujulikana. Mwaka 1942 ulianzishwa mfuko wa akiba wa watumishi wa serikali, na mwaka 1944, mwaka uleule wa SILABU, ukaanzishwa wa serikali za mitaa. Karani wa boma alikuwa na kitu cha kungojea. Kibarua hakuwa nacho. Mwaka 1949 shirika la maendeleo la Waingereza lilipoanzisha kampuni ya miwati Kibena, mwanamume wa Njombe angeweza hatimaye kupata kibarua karibu na kwao, akarudi jioni nyumbani. Uzee wake, hata hivyo, ulibaki palepale shambani.

Kumwacha kibarua nje hakukuwa tabia ya wakoloni peke yao. Marekani ilipopitisha sheria yake maarufu ya hifadhi ya jamii mwaka 1935, vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani waliachwa nje. Waliingizwa kwa marekebisho ya miaka ya 1950, baada ya wengi wao kuzeeka bila kitu. Karibu kila nchi imeanza na mwenye mshahara wa mwezi, kwa kuwa huyo ni rahisi kumkata mchango. Nchi hutofautiana katika muda wa kumfikia mwenye jembe.

Tanganyika huru ilianza haraka. Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi, NPF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1964, mwajiri na mfanyakazi wakichanga sawasawa. Ila haukuwa wa pensheni. Mtu akistaafu alipewa fungu lake lote kwa mkupuo, basi. Kisha ikaja miaka ya 1980. Dola moja ilikuwa kiasi cha shilingi 8 mwaka 1980. Kufikia 1990 ilikuwa karibu shilingi 195. Aliyeanza kuchanga katika miaka ya 1960 akitarajia kujenga nyumba alijikuta na fedha za kuezeka banda. NPF iligeuzwa kuwa NSSF, yenye pensheni ya kila mwezi, kwa sheria ya mwaka 1997.

Makambako, wakati huo, ilikuwa imeshapata watu wake wa mshahara. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kuanzia 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, na stesheni ya Makambako ikawekwa pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya. Mji ulikua hapo njia panda. Kazi ya reli ilikuwa kazi ya heshima, yenye sare, nyumba na ahadi ya kiinua mgongo. Lakini reli iliyowahi kubeba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka ilishuka hadi chini ya tani 100,000 mwaka 2014/15, na mishahara ikaanza kuchelewa. Wastaafu wake nao wakawa watu wa kufuatilia madai.

Kwa mkulima, kitu pekee ambacho serikali ilimpa mzee bila kumwuliza mwajiri wake kilikuwa matibabu ya bure katika vituo vya serikali. Mwaka 1993 ukaanza uchangiaji wa gharama za matibabu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ikarudisha msamaha kwa wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na siku hizi dirisha la wazee na kibao cha kumpisha mzee havikosekani hospitalini. Msamaha huo ni wa kweli, tena umeokoa watu. Tatizo ni pale dawa inapokosekana dirishani, mzee akapewa karatasi akanunue dukani. Na hospitali ya misheni kama Ikonda, Makete, ambako watu hutoka hata mikoa jirani kufuata tiba, haiendeshwi kwa msamaha. Mtumishi mstaafu huendelea na bima ya NHIF pamoja na mwenzi wake. Mkulima aliwekewa bima ya CHF iliyoboreshwa, shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, akiwa nazo.

Halafu UKIMWI ukapindua hata ule mpango wa zamani wa mzee kutunzwa na familia. Utafiti wa 2011/12 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wazima wa Njombe wana virusi, wakati wastani wa taifa ulikuwa 5.1. Ule wa 2022/23 bado uliuweka mkoa huu juu ya yote, asilimia 12.7. Mtoto aliyetarajiwa kumtunza mama yake alitangulia kaburini, na bibi wa miaka 70 akarudi kununua sare za shule za wajukuu. Mkoani humo, wilaya ya Makete ndiyo iliyoonja uchungu huo kwa ukali zaidi.

Kwa wenye pensheni, ugomvi wa miaka ya karibuni ni kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao. Agosti 2018 mifuko ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF, na kanuni mpya zikaja na mkupuo wa asilimia 25. Kelele zilikuwa kubwa hata Rais Magufuli akazisimamisha Desemba mwaka huohuo. Julai 2022 ikaanza asilimia 33.

Chukua mwalimu wa Njombe aliyefundisha miaka 36, yaani miezi 432, akiwa na mshahara wa shilingi 1,000,000. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, miezi yake ingegawanywa kwa 540, ikazidishwa kwa mshahara wa mwaka, angechukua nusu, nayo ikazidishwa kwa 15.5. Angeondoka na shilingi 74,400,000 na pensheni ya 400,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya 2022, kigawanyo ni 580, mkupuo ni asilimia 33 na kizidisho ni 12.5. Anapata kama 36,870,000 na pensheni ya 499,000. Aliambiwa pensheni yake imepanda, na ni kweli imepanda. Lakini ili ile 99,000 ya ziada ifidie milioni 37 na nusu zilizopungua, anatakiwa kuishi zaidi ya miaka 31 baada ya kustaafu. Akistaafu akiwa na 60, atakuwa amepita 91.

Serikali nayo ilikuwa na hoja. PSPF ililipa pensheni za watumishi walioajiriwa kabla ya Julai 1999, ambao hawakuwa wamechangia, na gharama hiyo ilikuwa deni la Hazina. Mwaka 2021 serikali ilitoa hatifungani ya shilingi trilioni 2.17 kulipunguza. Mwaka 2024 waliokuwa wakipata nusu kabla ya 2022 wakapandishwa hadi asilimia 40, na wale wa asilimia 25 wakawekwa 35. Mwalimu wetu sasa angepata kama 44,690,000 na pensheni ya 447,000. Nafuu ipo. Ila kigawanyo na kizidisho havikuguswa, na humo ndimo fedha ilimopotelea.

Wasio na mfuko walibuni wa kwao. Ukipanda kutoka Makambako kwenda Njombe utaona milima imevaa misonobari, mingi ikiwa ya watu binafsi. Mtu wa miaka 45 anapanda ekari mbili akijua wengi huvuna kabla ya miti kufikisha miaka 15. Hesabu inakaa sawa: miti inakomaa yeye akikaribia 60. Mbao zinapakiwa Makambako kwenda Dar es Salaam, na ndizo bati, ada ya mjukuu na nauli ya Ikonda. Tangu parachichi la Hass lishike kasi, wengine wameona afadhali zao linalolipa kila mwaka. Ni akiba ya akili sana, lakini moto wa Oktoba mmoja huweza kuimaliza alasiri moja, na mzee mwenye shida huuza miti michanga kwa bei ya dalali.

Majirani wamekwenda njia nyingine. Kenya tangu 2018 inawalipa wenye miaka 70 na zaidi shilingi zake 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii. Zanzibar ilitangulia, Aprili 2016, kwa shilingi 20,000, ikapandisha hadi 50,000 mwaka 2023. Mkulima wa karafuu wa Pemba mwenye miaka 70 anazipokea bila kuulizwa aliajiriwa wapi. Mkulima wa mahindi wa Makambako wa umri huohuo, raia wa Jamhuri hiyohiyo, hapati pensheni yoyote, labda ruzuku ya TASAF kaya yake ikihesabiwa maskini. Sheria ya kumlipa kwa kuwa ni mzee, Tanzania Bara haijaitunga.