Njia Isiyopenya: Maana ya Sikka, Zuqaq, Darb na Kichochoro

Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka kwa njia iliyofungwa mwisho wake. Husemwa tu "njia haitoki" au "njia haipenyi". Wengi hudhani kuwa kichochoro ndilo neno lenyewe, lakini sivyo. Kichochoro, au uchochoro, ni njia nyembamba baina ya nyumba. Chaweza kutokea upande wa pili, na chaweza kuishia mlangoni kwa mtu. Tena katika magazeti ya Tanzania "uchochoro wa magendo" ni mahali pa kupenyezea bidhaa kwa siri, maana iliyo kinyume kabisa na kuzibwa.

Hati za Kiarabu walizotuachia wazee wetu zimeandikwa katika lugha yenye maneno zaidi, na kila neno lina asili yake. Anayeshika hati ya nyumba ya familia yafaa ayajue, kwa sababu haki ndani ya njia hufuata maana hizo.

Neno la kwanza ni sikka. Jamaa zetu walioko Maskati huliona kila wanapojaza anuani, maana njia za mitaani huandikwa sikka pamoja na nambari yake. Ibn Manzur (aliyefariki 711 H/1311), katika Lisan al-Arab, anaeleza kuwa sikka ni safu ya mitende iliyopangwa sawasawa, na njia za mjini zikaitwa hivyo kwa kuwa nyumba zimejipanga kama mitende ile. Sikka pia ni chuma cha kupigia chapa sarafu, na kutokana na maana hiyo Wataliano wakapata neno lao zecca, yaani nyumba ya kupigia fedha. Katika zama za karibu reli nayo ikaitwa sikkat al-hadid. Katika maana zote hizo hamna hata moja inayosema kuwa njia imezibwa.

Zuqaq ni njia nyembamba kuliko sikka. Kamusi hiyohiyo inasema wazi kuwa yaweza kupenya au isipenye. Kwa hiyo zuqaq ndilo neno lililo karibu zaidi na kichochoro chetu.

Lenye khitilafu kubwa ni darb. Al-Fayyumi, mwenye al-Misbah al-Munir, anasema kuwa asili yake si Kiarabu, na kwamba Waarabu walilitumia kwa maana ya mlango: njia baina ya milima miwili, au lango la sikka. Kutokana na lango, jina likahamia kwenye njia iliyo nyuma yake. Moroko hadi leo darb mara nyingi ni njia yenye mdomo mmoja, wakaazi wake wakijuana wote. Lakini Darb Zubayda, iliyopewa jina la mke wa Khalifa Harun al-Rashid, ni njia ndefu ya mahujaji kutoka Kufa hadi Makka. Neno moja limebeba jangwa zima, na limebeba pia njia ya nyumba chache isiyotoka.

Kwa sababu hiyo mafakihi hawakutegemea jina. Waliuliza swali moja tu: je, njia ni nafidh, yaani inapenya, au ghayr nafidh, haipenyi? Imam al-Nawawi (aliyefariki 676 H/1277), ambaye kitabu chake Minhaj al-Talibin kimesomeshwa sana pwani yetu yenye Mashafii wengi, anaieleza tofauti hiyo katika mlango wa sulhu. Njia inayopenya ni ya wapitao wote. Mtu aweza kujenga juu yake kitokezo, au sabat ya kuunganisha kuta mbili, maadamu haidhuru wapitao na imeinuliwa kiasi cha mtu kupita chini yake akiwa wima. Watu wa Lamu wanaijua sabat kwa jina la wikio, chumba kinachopita juu ya njia kutoka nyumba hii hadi ile.

Njia isiyopenya ina hukumu nyengine. Hiyo ni shirika ya watu wake, na mtu wa nje hana ruhusa ya kutokeza jengo juu yake. Hata mmoja wao hawezi, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, ila kwa ridhaa ya wenziwe. Na watu wake ni nani? Ni wale ambao milango yao inafungukia humo, si wale ambao kuta zao zinaigusa tu. Hisa ya kila mmoja inaanzia mdomo wa njia na kukomea mlangoni pake. Mwenye mlango karibu na mdomo akitaka kufungua mwengine ndani zaidi, wenziwe wanaweza kumzuia. Akiusogeza kuelekea mdomoni na kuuziba ule wa zamani, hawana la kumzuilia.

Hapa ndipo penye hasara yetu. Hati za Kiarabu za kuuza nyumba au kuiweka wakfu hutaja mipaka ya pande nne, na mara nyingi mmoja wa mipaka hiyo ni njia. Mjukuu aliyeko London au Dubai akiipeleka hati kufasiriwa, maneno "ghayr nafidh" yakiachwa, shirika ya majirani hugeuka barabara ya umma kwenye karatasi. Wakati wa kugawa mirathi, mrithi mmoja hufungua mlango mpya, mwengine huziba upenu, na ugomvi huanza baina ya watu ambao babu zao waliishi kwa ridhaa.

Sheria za leo za ardhi na za uhifadhi wa Mji Mkongwe wa Unguja au wa Lamu zina masharti yake, na mwenye shauri mahakamani amtafute mwanasheria. Lakini kabla ya hapo hati isomwe vizuri. Tazama ni neno gani limetumika: sikka, zuqaq, darb au tariq. Tazama kama limefuatiwa na sifa ya kupenya au kutopenya, na sifa hiyo ibaki katika tafsiri hata kama msomaji wa Kiingereza ataiona ni ziada. Kisha waulizwe wazee waliobaki ni milango ya nani iliyofungukia humo. Kwa mujibu wa fikihi, milango hiyo ndiyo inayoonyesha njia ilikuwa ya nani.