Saa ya Mwanamaji: Mtumba Unaozidi Mpya Bei

Musoma kila mtu anaujua mtumba. Shati, kiatu, baiskeli, hata injini ya boti pale Mwigobero, kikishatumika bei inashuka. Saa za wanamaji ndizo zimegoma kufuata utaratibu huo, na hapo ndipo watu wanapigwa.

Kuna jamaa mmoja maarufu mjini, jina liachwe, anayependa vitu vya gharama. Aliletewa Rolex Submariner iliyotumika. (Siyo rolex ya Kampala, ile ya chapati na mayai!) Muuzaji akamwapia kwamba ilikuwa ya ofisa wa Kiingereza aliyekuwa kwenye Sybil, ile meli iliyokwama kwenye miamba ya Majita Novemba 1914 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Jamaa ana asili ya Majita, stori ikamwingia. Akaanza kutafuta mteja wa kiwanja chake Bweri.

Sybil kukwama Majita ni kweli kabisa. Ila Submariner ya kwanza ilitengenezwa 1953, miaka 39 baadaye. Huyo ofisa aliivaa lini?

Hata wenzao Waitaliano, ambao kwenye saa za kuzamia walitangulia, walianza miaka ya 1930. Kampuni ya Panerai ya Florence iliwatengenezea wapiga mbizi wa jeshi lao saa kubwa zenye uso unaong'aa gizani, na za mwanzo zilitumia mashine za Rolex. Desemba 1941 wapiga mbizi sita wa jeshi hilo waliingia bandari ya Alexandria usiku, wakaziharibu vibaya manowari mbili za Waingereza, Queen Elizabeth na Valiant. Ukiwa chini ya maji gizani, dakika ndiyo roho yako. Saa ilikuwa kitendea kazi kama nyavu kwa mvuvi, mambo ya kupigia picha hotelini yamekuja juzi tu.

Submariner za jeshi la majini la Uingereza zipo kweli, zilitolewa miaka ya 1970. Zina alama zake. Vijiti vya kushikia mkanda vimefungwa moja kwa moja, havitoki, ili mkanda usichomoke mtu akiwa chini. Mishale yake ni mipana kama panga. Kwenye uso kuna herufi T ndani ya duara, na mgongoni umechorwa mshale wa mali ya serikali pamoja na namba. Lakini ukiuona huo mshale peke yake usishangilie, maana kuuchora ni kazi ya mashine ya dakika chache. Lazima vyote viende pamoja, na namba ya saa ilingane na miaka hiyo.

Wenye ndugu Muscat nao wasikilize. Kuna Rolex zenye jambia na panga mbili kwenye uso, nembo ya Oman. Zilikuwa zawadi za Sultan Qaboos, aliyeshika madaraka 1970, na askari wa Kiingereza waliompigania Dhofar ni kati ya waliopewa. Ni za thamani sana, ila aliyepewa zawadi siyo lazima awe mwanamaji.

Sasa yule jamaa. Kabla hajasaini karatasi za kiwanja, mpwa wake alimwomba aichomoe mkanda tu. Vijiti vikatoka vizuri kabisa kwa ncha ya pini. Mgongoni patupu, hakuna hata mkwaruzo. Fundi aliyeitwa alisema saa yenyewe siyo feki, ni Submariner ya kawaida ya raia. Jamaa akasema basi atalipa bei ya saa, hiyo ya Sybil hailipi.

Muuzaji akaivaa saa yake, akasema kuna mteja Mwanza.