Sayari kujipanga mstari: kinachotokea angani na kinachofika Dar es Salaam

Kila baada ya miezi kadhaa habari hii hurudi kwenye simu zetu: sayari zinajipanga mstari mmoja. Mwanzoni mwa 2025 ilisambaa sana, na haikuwa uongo. Jioni ya tarehe 28 Februari 2025, baada ya jua kuzama, sayari zote saba zilizobaki ukiacha Dunia yetu zilikuwa juu ya upeo wa macho kwa wakati mmoja.

Tatizo ni maneno yanayoongezwa njiani. Ujumbe ukishapita makundi matatu ya WhatsApp, unakuwa umeota mkia: bahari itafurika, ardhi itatetemeka, biashara itayumba, na mwenye nyota nzito aisafishe mapema, kwa malipo. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, na Novemba 2024 ghorofa liliporomoka hapo hapo Kariakoo na kuua watu. Mahali palipopitia hayo, hofu ya namna hii hupata wateja haraka. Tumeandaa maelezo haya ili msikilizaji ajue lipi la kweli, lipi la kufurahia, na lipi la kuliangalia kwa makini.

Tuanze na majina

Majina ya sayari kwa Kiswahili huwachanganya wengi, kwa sababu vitabu havikubaliani. Iliyo karibu zaidi na Jua huitwa Utaridi, na wengine husema Zebaki. Inayofuata ni Zuhura, ile inayong'aa sana ambayo wengi huiita nyota ya jioni au nyota ya alfajiri. Kisha ni Dunia yetu, Mirihi yenye wekundu, na Mshtarii iliyo kubwa kuliko zote. Baada ya hapo ni Zohali yenye pete, ambayo baadhi ya vitabu vya shule huiita Sarateni. Mwisho kabisa ni Urani na Neptuni, ambazo kwa watazamaji wa mjini hazionekani bila darubini.

Kuna pia neno unajimu, ambalo hutumika kwa mambo mawili tofauti: kupima mwendo wa vitu vya angani, na kumtabiria mtu maisha yake kwa nyota. Hapa tunazungumzia la kwanza tu, yaani elimu ya falaki.

Kujipanga maana yake nini?

Sayari zote huzunguka Jua katika eneo linalokaribia kuwa bapa, kama vyombo vilivyowekwa kwenye sinia moja. Sisi tuko juu ya sinia hilo hilo, kwa hiyo tukitazama tunaliona kwa ubavu. Ndiyo maana sayari huonekana siku zote zikifuata ukanda mmoja wa anga, ule ule unaopitwa na Jua mchana na Mwezi usiku. Mstari huo upo kila usiku. Kinachobadilika ni idadi ya sayari zilizo upande wetu kwa wakati mmoja.

Idadi hubadilika kwa sababu kila sayari ina mwendo wake. Utaridi humaliza mzunguko mmoja kwa siku 88, Zuhura kwa siku 225, Mirihi kwa siku 687. Mshtarii hutumia karibu miaka 12, Zohali miaka 29 na nusu, Urani miaka 84, na Neptuni karibu miaka 165. Mara moja moja kadhaa hukutana upande mmoja wa anga, kisha zenye kasi hutangulia na kundi hutawanyika.

Kukutana huko ni kwa macho yetu tu. Simama Kigamboni usiku utazame mjini: magorofa ya Posta na ya Kariakoo yanaonekana yamebanana bega kwa bega, lakini kutoka moja hadi jingine kuna safari ya daladala. Tarehe 21 Desemba 2020 Mshtarii na Zohali zilionekana zimekaribiana kiasi kwamba wengi walidhani ni nyota moja. Hazikuwahi kuonekana karibu hivyo tangu 1623. Usiku huo huo, umbali halisi kati yao ulikuwa zaidi ya kilomita milioni 700. Sayari hizo mbili hukutana hivyo kila baada ya miaka 20 hivi, na zamu ijayo ni mwaka 2040.

Je, zikijipanga zinaweza kutuvuta?

Hili ndilo swali kubwa, na jibu lake linaweza kupimwa. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka hapa. Ndio unaoongoza katika kuvuta maji ya bahari yakajaa na kupwa. Jua ni kubwa sana lakini liko mbali, hivyo nguvu yake juu ya maji hayo haifiki nusu ya nguvu ya Mwezi.

Sasa chukua Zuhura, sayari inayotukaribia kuliko nyingine. Hata ikiwa karibu kabisa, bado iko umbali unaokaribia kilomita milioni 40. Nguvu ya kuvuta maji hupungua haraka mno kwa umbali: ukiwa mbali mara mbili, hupungua mara nane. Kwa hesabu hiyo, Zuhura haifikishi hata sehemu moja kati ya elfu kumi ya nguvu ya Mwezi. Mshtarii, pamoja na ukubwa wake, haifikishi hata sehemu moja kati ya laki moja. Zikusanye zote upande mmoja, boti iliyotia nanga pale Feri haitasogea.

Wapo walioamini kinyume. Mwaka 1974 John Gribbin na Stephen Plagemann walitoa kitabu wakidai kwamba mpangilio wa sayari wa 1982 ungeweza kuamsha tetemeko kubwa huko California, Marekani. Kitabu kiliuzwa sana. Tarehe 10 Machi 1982 ilifika, sayari zikawa upande mmoja wa Jua, na tetemeko lile halikutokea. Hofu ikarudi Mei 2000, sayari tano zinazoonekana kwa macho zilipokuwa upande wa Jua kwa pamoja. Nayo ikapita.

Mpangilio unaofika Dar es Salaam

Hata hivyo, upo mpangilio mmoja wa angani unaoigusa Dar es Salaam kweli, na watu wa pwani wanaujua tangu zamani. Ni ule wa Jua, Mwezi na Dunia. Vitatu hivyo hukaribia mstari mmoja mara mbili kila mwezi: Mwezi unapokaribia kuandama, na Mwezi unapokuwa mpevu. Nguvu za Jua na Mwezi huungana, na siku hizo au moja mbili baadaye maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Katikati, Mwezi unapokuwa nusu, nguvu hizo hukingana na maji huwa mafu.

Kwa pwani yetu, wakati wa bamvua tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyopwa huweza kuzidi mita 3. Wavuvi wanaoleta samaki Feri hupanga safari zao kwa hesabu hiyo, na bandarini hutumia majedwali yanayoonyesha saa za kujaa na kupwa.

Linaihusu vipi Kariakoo, ambako hakuna bahari? Linaihusu kupitia Mto Msimbazi. Mto huu hushuka kutoka vilima vya upande wa Pugu, hupita bonde la Jangwani kando ya Kariakoo, na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander, kwenye mikoko. Pale mdomoni maji ya bahari huingia na kutoka kila siku. Mvua kubwa ikinyesha saa ambayo bahari imejaa, maji ya mto hukosa pa kwenda kwa haraka na hurudi nyuma bondeni. Bamvua kubwa zaidi za mwaka huangukia karibu na Machi na Septemba, na Machi ndipo masika inapoanza.

Bamvua peke yake haileti mafuriko Jangwani. Mafuriko hutokana na mvua, taka zinazoziba mifereji, mchanga uliojaa mtoni na ujenzi wa bondeni. Lakini mwenye stoo ya chini ya ardhi, mwenye fremu karibu na bonde, au anayepita Barabara ya Morogoro kwenda Magomeni ana sababu ya kuangalia mambo mawili kwa pamoja: utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na saa ya maji kujaa. Hayo mawili yatamsaidia kuliko ujumbe wowote kuhusu Mshtarii.

Mipangilio ambayo Dar imeishuhudia

Ipo mipangilio ya kweli iliyopita juu ya vichwa vyetu. Tarehe 8 Juni 2004, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana, Zuhura ilipita mbele ya uso wa Jua kama kidoa cheusi. Ilipita tena tarehe 6 Juni 2012, na hapa tuliwahi sehemu ya mwisho baada ya jua kuchomoza. Itakayofuata ni Desemba 2117, kwa vitukuu.

Tarehe 1 Septemba 2016 Mwezi ulisimama mbele ya Jua ukaacha pete ya mwanga. Watu walisafiri hadi Rujewa wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, kuiona ikiwa kamili, huku Dar tukiona Jua limemegwa. Na usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 Dunia ilijipanga kati ya Jua na Mwezi, Mwezi ukawa mwekundu kuanzia saa 2:30 hadi karibu saa 4 usiku. Jambo hilo halikuhitaji darubini wala kiingilio.

Jinsi ya kutazama ukiwa mjini

Taa za Kariakoo hufuta nyota nyingi, lakini haziwezi kuifuta Zuhura wala Mshtarii. Mirihi na Zohali nazo huonekana vizuri usiku usio na mawingu. Tena tuna bahati ya kuwa karibu na ikweta: kwetu ukanda wa sayari hupanda juu sana angani, wakati watazamaji wa Ulaya mara nyingi huuona umelala chini.

Kwa sayari za jioni, tafuta mahali unapoona magharibi bila ghorofa mbele yako. Paa la jengo lenu linafaa, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, au vuka na pantoni uangalie kutokea Kigamboni. Kwa sayari za alfajiri, pwani yetu inatazama mashariki, hivyo ufukwe wa Ocean Road unatosha. Nenda na wenzako, simu mfukoni.

Nyota humetameta, sayari hutulia. Programu za bure za simu kama Stellarium zitakuonyesha jina la kile unachokiona. Ukitumia darubini, subiri hadi Jua lizame kabisa, kwa sababu kulitazama Jua kwa darubini kunapofusha macho.

Ukipokea ujumbe tena

Angalia picha kwanza. Ikiwa inaonyesha mipira mikubwa ya rangi imepangwa juu ya mji, imetengenezwa. Sayari kwa macho ni nukta za mwanga. Angalia tarehe: mpangilio hauji na kuondoka kwa dakika saba, huonekana kwa siku au wiki kadhaa. Mwisho, angalia kama kuna anayeomba hela. Sayari zimekuwa zikipita katika ukanda huo tangu kabla ya Kariakoo kupata jina lake, na hazijawahi kumtoza mtu.