Mazda MX-5: gari dogo lililokataa kunenepa

Wasomaji wa hapa mmezoea kunisoma nikilalamika kuhusu programu zinazonenepa kila toleo. Leo naweka kompyuta kando niwaletee hadithi ya gari, ingawa mtaona sijaenda mbali sana.

Gari lenyewe ni Mazda MX-5, lile la viti viwili na paa la turubai, ambalo Wamarekani huliita Miata. Limetengenezwa Japani lakini asili yake ni Uingereza. Kwa miaka mingi Waingereza ndio waliokuwa mabingwa wa magari madogo ya wazi: MG, Triumph, Lotus. MGB iliyotoka 1962 ilitengenezwa zaidi ya nusu milioni, ukihesabu na zile zenye paa la bati. Shida ni kwamba magari hayo yalivuja oili, na umeme wake haukupenda mvua. Kisha sheria za Marekani zikabana. Mwishoni mwa 1974 MGB ikavishwa bampa nzito za mpira na kuinuliwa juu, na kwenye kona ikawa si gari lile tena. Oktoba 1980 kiwanda cha Abingdon kikafungwa, na wengi wakaona mambo ya magari hayo yamekwisha.

Bob Hall hakukubali. Alikuwa mwandishi wa magari huko Marekani, na Kijapani anakijua. Mwaka 1979 alimwambia Kenichi Yamamoto, mkuu wa utafiti wa Mazda, kwamba watengeneze gari la wazi la bei nafuu kwa mtindo wa Kiingereza, ila liwe linawaka kila asubuhi. Mwaka 1981 Mazda ikamwajiri.

Sasa hapa ndipo utamu ulipo. Mazda ilishindanisha timu zake. Tokyo walileta mipango miwili: mmoja injini mbele na magurudumu ya mbele yavute, mwingine injini katikati. California wakaleta mpango wa kizamani kabisa, injini mbele na magurudumu ya nyuma yasukume. Mwaka 1984 ukashinda huo wa kizamani! Kumbuka Mazda walikuwa tayari na vipuri vya magari ya kuvuta mbele. Mhasibu yeyote angechagua huko. Lakini magurudumu ya mbele yakipewa kazi mbili, kuvuta na kukata kona, dereva huihisi tofauti mikononi.

Mhandisi mkuu, Toshihiko Hirai, alishikilia neno moja la Kijapani, jinba ittai, yaani farasi na mpandaji wawe mwili mmoja. Ndiyo maana giaboksi na difu ziliunganishwa kwa fremu ya alumini, ili ukikanyaga mafuta gari lijibu papo hapo. Injini ilikuwa ya lita 1.6, nguvu farasi kama 115 tu, hata matatu mengi yanaweza kuicheka. Lakini gari zima lilikuwa na kilo 940 hivi, na wepesi huo ndio uliowafanya watu walipende.

Lilionyeshwa Chicago Februari 1989. Mwaka 2000 Guinness wakalitambua kuwa gari la wazi la viti viwili lililouzwa kuliko yote duniani, na Aprili 2016 likatengenezwa la milioni moja. Njiani lilianza kuongezeka mwili, kama kawaida ya kila kitu chenye matoleo. Ila toleo la nne, la 2015, lilipunguzwa kilo kama 100 kutoka lililotangulia. Hebu niambie, wewe mwenzangu wa kodi, ni lini mara ya mwisho ulitoa toleo jipya lililo dogo kuliko la zamani?

Usukani wake wa Japani uko kulia kama wetu, lakini usianze kutafuta la 1989 mnadani huko. Kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Mimi naliendesha kwenye Gran Turismo 4, na hata huko linakata kona vizuri.